Spika za Taa ya Buluu

Mgane haombwi maoni. Huulizwa tu kama amekula. Hivyo ndivyo alivyozoea fundi viatu ambaye soko zima lilimwita Gundi, tangu mkewe alipofariki akisubiri kitanda katika hospitali ambayo wakubwa huikatia utepe lakini hawalazwi humo. Kwa hiyo siku Mwenyekiti wa soko alipomteua kwenda naye kwenye duka la fundi redio, pamoja na Mama Vifungo mtunza hazina, Gundi alijihisi kama aliyevishwa koti la mtu mwingine.

Safari ile ilikuwa na sababu nzito. Meza za nje, za mafundi viatu na wauza vitambaa, zilitakiwa kuhamishwa nyuma, kando ya jalala, ambako mteja hafiki ila amepotea njia. Kwenye meza hizo Gundi alikuwa ameshona soli upande mmoja, na marehemu mkewe akitia zipu za mikoba upande wa pili, hadi mvi zikawakuta. Sasa kikao cha kuamua kilikuwa kimekaribia. Lakini wakubwa wa siku hizi hawaji kukanyaga tope la watu. Hutuma sura zao kwenye kompyuta, na watu hukusanywa ukumbini kuzitazama. Sauti ilipaswa kutoka kwenye spika mbili kuukuu zilizotundikwa ukutani, ila amplifaya yake, ile mashine ya kukuza sauti, ilikuwa imeungua umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo. Waliokata umeme hawakuomba radhi, na nani angewauliza?

Duka la fundi redio lilikuwa jembamba kama kiberiti. Fundi alifunga mlango ili kelele za pikipiki zisiingie, kisha akaweka juu ya kaunta boksi jeusi la bati, limekwaruzika kama sufuria ya kapera.

"Spika zenu za ukutani ni nzima, nimezipima," alisema. "Chukueni amplifaya hii, muunganishe na kompyuta, basi. Sura haina, lakini nguvu inayo."

"Na zile?" Mwenyekiti alinyoosha kidole kwenye rafu. Hapo zilikaa spika mpya za kompyuta, laini kama sabuni isiyoguswa maji, taa ya buluu ikizunguka miguuni mwake.

"Zile ni za mezani. Bei haipishani sana."

"Ziwashe tuzione."

"Tuzisikie," Mama Vifungo alimrekebisha. "Spika haionwi, Mwenyekiti."

"Aa, Mama, hata wewe ulionwa kwanza, ndipo ukasikika!"

Wakacheka. Fundi akaweka sauti ya mwanamke akisimulia hadithi. Gundi alikuwa ameinama karibu, na sauti ilimwingia kama maji ya uvuguvugu. Hata pumzi kati ya neno na neno ilisikika. Alifumba macho. Ilikuwa muda mrefu tangu mtu aseme naye kwa upole namna ile, karibu na sikio.

"Mimi nasema amplifaya," alisema Mama Vifungo. "Ukumbi ule ni mkubwa."

"Mimi nasema hizi mpya. Tuweke boksi lililokwaruzika mbele ya wageni, tuonekane wachovu? Haya Gundi, umebaki wewe."

Gundi aliutazama mkono wake wenye sugu, kisha akaunyoosha. "Hizi mpya."

"Hata wewe, shemeji?" Mama Vifungo alishangaa. Alikuwa rafiki wa mkewe, na hakuwahi kumwita vinginevyo.

"Nimechoka na vitu vikuukuu, shemeji. Nyumbani ninavyo vya kutosha."

Siku ya kikao ukumbi ulijaa pomoni. Spika mpya zilikaa mbele ya Mwenyekiti, taa zake ziking'aa kama macho ya paka. Kwenye safu za mbele walikaa wenye maduka ya kuta, ambao hawakuwa wakihamishwa popote. Wenye meza walichelewa kwa kufunga mizigo yao, wakasimama nyuma mlangoni. Sura ya Mkurugenzi wa halmashauri ilitokea kwenye kompyuta na kuanza kuchezesha midomo, lakini kilichofika nyuma kilikuwa kama nyuki ndani ya chupa.

"Anasemaje?" aliuliza muuza vitambaa.

"Sijui," jirani yake alijibu. "Labda anasukutua."

Kicheko kikapasuka. Mwenyekiti akageuka, ametoa macho. "Tulieni huko nyuma! Mkubwa anaongea!"

Wakatulia. Tangu utotoni walikuwa wamefunzwa kutulia mkubwa anapoongea, na funzo hilo ndilo pekee walilopewa bila upungufu. Hakuna aliyekohoa. Midomo ya Mkurugenzi ilicheza kidogo, ikasimama, ikangoja, ikatabasamu. Kisha kioo kikawa cheusi.

"Ndugu zangu," Mwenyekiti alisimama, "tumekubaliana kwa kauli moja. Meza zinahama."

Ukumbi ukachafuka. Gundi alijipenyeza kwa viwiko mpaka mbele. "Tumekubali lini?"

"Mkurugenzi amesema mwenye pingamizi aseme. Amengoja. Mmenyamaza."

"Hatukusikia! Na si wewe uliyetunyamazisha? Wewe uliyesikia, ulimi ulimwazima nani hata ukashindwa kusema?"

"Duka langu lina kuta, Gundi. Pingamizi lilikuwa lenu." Mwenyekiti alichomoa waya taratibu, akaanza kuukunja. "Na mimi dukani nilikuwa na kura moja. Ya pili ilikuwa yako."

Gundi alikuwa na gunia zima la maneno aliyowawekea wakubwa kwa miaka mingi. Lakini yale yalikuwa ya wakubwa; akautazama tu mkono wake wenye sugu. Mama Vifungo hakumlaumu, na hilo lilimuuma kuliko tusi.

"Twende, shemeji," alisema. "Tubebe wenyewe kabla hawajaja kutubebea."

Sokoni waliishika meza ya Gundi, huyu huku, yule kule, wakaanza kuikokota kuelekea nyuma ya soko. Njiani mchukuzi mmoja aliwauliza, "Mzee, nani kawahamisha?"

Jibu la "wakubwa" lilikuwa tayari limefika kwenye ncha ya ulimi wa Gundi, kwa kuwa ndilo alilozoea kulijibu kwa kila shida. Akalimeza.

"Mkono wangu," alisema, akaendelea kukokota. Harufu ya jalala iliwapokea kabla hawajafika, na Gundi, aliyeifurahia ile sauti ya dukani kwa masikio yake mwenyewe, sasa alikuwa akiuguza alichokichagua: kipya kinyemi, ingawa kidonda.