Mwendo wa Kete za Sultani

Hapo zamani palikuwa na Sultani mmoja asiyefungwa bao na mtu. Sababu yake mji mzima waliijua, ila yeye akidhani haijulikani. Ikawa ameoa mke kutoka bara, na ndugu wawili wa mke wakaja kumtazama dada yao. Bao hawajapata kuliona hata ndotoni. Sultani akafurahi, maana wenyeji alikwishachoka kuwafunga.

Basi mbele ya watu barazani akamwita Vuai, mwokota komwe za kuchezea bao, fukara asiye na kitu ila kibanda cha makuti. Akamwambia, "Wafundishe shemeji zangu mwendo wa kete kama nichezavyo mimi, usipunguze wala usizidishe. Wakikosea Ijumaa nikicheza nao, kibanda chako nakivunja, nijenge banda la punda."

"Kama uchezavyo wewe, Maulana?"

"Hukusikia?"

"Nimesikia. Nilitaka na hawa waliokaa wasikie."

Akawaketisha mashemeji siku tatu. "Kete huenda mojamoja, shimo halirukwi. Ya mwisho ikiangukia penye kete, na mbele yake mwenzio anazo, unamla. Ikiangukia shimo tupu, umelala, mpishe mwenzio. Hiyo ni yetu sisi akina yahe. Ama Sultani, akiona atalala, hukohoa; mkono wa kanzu ukipita juu ya ubao, shimo tupu huota kete." Akawakohoza mpaka wakaweza.

Ijumaa barazani pakajaa. Sechonge, shemeji mkubwa, akacheza na Sultani, na alipokaribia kulala akakohoa. Shimo likaota kete, akala. Kitambo kidogo akakohoa tena.

"Shemeji, una kifua?"

"Sina, shemeji. Nafuata sheria."

Sultani akamgeukia Vuai, uso umemwiva. "Umewafundisha nini hawa?"

Vuai akapiga goti. "Maulana, nionyeshe walipokosea, hapa mbele ya watu, nami kibanda nitakivunja kwa mikono yangu."

Watu wakamtazama Sultani. Akisema kukohoa ni kosa, amejishitaki; akisema si kosa, amefungwa. Nyuma ya pazia bibi harusi akaangua kicheko, na kicheko cha mke mpya nani atakikataza? Basi Sultani naye akacheka, akakunja mikono ya kanzu hadi viwikoni.

"Kibanda ni chako, Vuai. Sasa sogea unifundishe ile sheria ya akina yahe."

Akafundishwa, na kabla ya adhuhuri akafungwa mara nne. Mimi nimekomea hapo. Asiyetosheka na atunge yake.