Upawa wa Kwanza wa Sleyum

Hapo zamani, na msiniulize mwaka gani, maana hata aliyenihadithia hakuujua, palikuwa na mpika haluwa katika mji mmoja wa kisiwani. Jina lake Sleyum. Haluwa yake ilitembea kuliko yeye mwenyewe: ilifika harusi asizoalikwa na misiba asiyoijua. Lakini kuinamia sufuria la shaba kutwa kucha, mwiko mrefu mkononi, kulimkausha mgongo. Ukakaza, ukakaza, mpaka siku moja akashindwa kusujudu.

Tabibu akambonyeza huku na huku. "Mfupa mzima," akasema. "Nyama ndizo zilizokaza. Jinyooshe pole pole." Ajinyooshe vipi, hakumwambia.

Basi Sleyum akawa anasali juu ya kiti, nyuma ya safu, kama mgeni. Wenzake wakishuka chini, yeye anaona migongo yao tu. Lilimuuma jambo hilo, jamani! Hakutamani mali wala kurudi ujanani. Alitamani paji lake la uso liguse mkeka, basi.

Jirani yake alikuwa Kamlaben, mjane wa Kihindi, fundi wa kushona, aliyezaliwa mtaa ule ule. Kiumri alimpita Sleyum, lakini sindano ikianguka aliinama na kuiokota bila kuguna.

"Dada Kamla," Sleyum akamuuliza, "mgongo huo umeutoa wapi?"

"Kwenye yoga. Bibi yangu alinifundisha. Njoo na mkeo, nitakuonyesha."

Maua, mke wa Sleyum, akadakia: "Dada, hiyo si ibada yenu?"

"Dua ni zenu, Maua. Mimi nitampa kunyoosha mgongo na kuvuta pumzi."

Akamfundisha kupiga magoti na kuweka viganja chini, mgongo uinuke kama wa paka, kisha ushuke. Akamfundisha mkao wa mtoto: kukalia visigino na kuinama mbele mpaka paji la uso likaribie chini. Halafu akampa masharti. "Tumbo liwe tupu. Usishindane na mwili wako; ikichoma, rudi nyuma. Pumzi ipite puani, isikatike. Na ukimaliza, lala chali utulie. Kutulia nako ni kazi."

Sleyum akaitikia ndiyo, ndiyo. Lakini mazoea yana taabu. Mpika haluwa huonja tangu asubuhi, akaenda mkekani tumbo limejaa. Mpika haluwa huzuia pumzi moshi usimwingie, akainama kifua kimefungwa. Na haluwa haiachwi. Ukitua mwiko kidogo tu, imeshika chini. Basi hata mkekani hakutua. Akainama na kuinuka, akainama na kuinuka, mpaka mgongo ukamkamata pale pale. Wakambeba kumpeleka kitandani, hali mbaya kuliko mwanzo.

Akalia, mtu mzima na ndevu zake. "Basi tena. Nitasalia kitini mpaka kaburini."

Kamlaben akaja, mikono kiunoni. "Nimekufundisha yoga, wewe umepika haluwa!"

Tabibu akampumzisha hadi maumivu yakapoa, kisha akamruhusu aanze upya. Safari hii Maua akaishika kazi mwenyewe. Kila baada ya sala ya alfajiri, kabla ya kuonja chochote, alimtandikia mkeka, akaketi kando, kiganja mgongoni mwa mumewe. Pumzi ikikwama, anamgonga. "Pumua, Baba Zuhura." Akitaka kujikaza, anamrudisha. Akimaliza, anamlaza na kukaa mlangoni, na mteja akibisha hodi anaambiwa, "Kalala, mwacheni."

Lakini sufuria je? Haluwa isipokorogwa, watoto watakula nini? Ng'ambo ya njia alikuwapo Ngwali, mpika haluwa mwenzake, ambaye Sleyum hakusalimiana naye tangu walipogombania zafarani. Siku moja akaingia uani bila kubisha, akakunja mikono ya kanzu.

"Nenda kalale," akasema. "Nitakukorogea."

Tangu hapo, asubuhi akapika yake, alasiri akapika ya Sleyum. Mtu akiisifu, anajibu, "Msifuni mwenyewe. Hii ya Sleyum."

Pole pole usingizi wa Sleyum ukarudi. Hasira zikapungua. Pumzi ikawa ndefu, vidole vikafika miguuni. Na Ijumaa moja akakiacha kiti, akasimama katika safu. Wakashuka, naye akashuka. Paji likagusa mkeka. Imamu akainuka, watu wakainuka, Sleyum bado yuko chini, machozi yanalowesha mkeka. "Alhamdulillahi," alisema alipotoka, na hakuweza kusema lingine mpaka nyumbani.

Jioni ile akapika haluwa ya shukrani. Na ada ya mji ule ni hii: upawa wa kwanza, ungali moto, hupewa mtu mmoja mbele ya mtaa wote, yule uliyepona kwa sababu yake. Haugawanywi. Sleyum akachota, akauinua.

Kamlaben akacheka. "Lete, kaka. Bila mimi ungejinyoosha vipi? Elimu ilitoka kwangu."

"Elimu yako, dada, ndiyo iliyomlaza kitandani," akasema Maua. "Bila mimi angekula, angezuia pumzi, angejivunja tena. Kiganja changu ndicho kilichomfikisha."

"Kiganja chako kilikaa mgongoni mwake kwa sababu changu kilikuwa kwenye mwiko wake," akasema Ngwali. "Bila mimi angeamka kukoroga, na mgongo ungerudi kule kule. Tena nyie mnampenda. Mimi nilikuwa nimenuna!"

Wote wakacheka, na Sleyum naye. Akamtazama aliyempa njia, na aliyemshika njiani, na aliyembebea mzigo. Moyo wake ulijaa shukrani ya pawa mia, na mkononi alikuwa na mmoja. Haluwa ikaanza kuganda, na haluwa iliyoganda si ya kwanza tena.

Haya, nyinyi mliokaa hapa mnameza mate, mwambieni Sleyum upesi: je, nani alistahili upawa ule?