Mkono wa Mkindi

Ninyi mnaovuka mto kila kiangazi kwenda kuomba maji kwa watu wa ng'ambo, tulieni mwambiwe yalivyotutoka. Zamani za mababu wa mababu alizaliwa Mkindi mwana wa Sekiete, mwana wa Shemboza aliyewatoa watu wetu katika nchi ya njaa. Mkindi Mkono wa Ngurumo, Mchosha Magongo, ambaye angali mdogo alimtupia mwewe jiwe, na mwewe akadondoka na kifaranga kingali hai makuchani mwake.

Mto ulikuwa mmoja na koo zilikuwa mbili, na ili damu isimwagike, wazee walipatana kwamba kila baada ya mavuno mrushaji wetu atamrushia mpigaji wa ng'ambo tufe la ngozi ya nyati; mpigaji akilikosa kwa gongo lake mara tatu, maji ya mwaka mzima yaelekezwe mferejini kwetu, na akilipiga, yaende kwao. Mkindi aliporusha, wapigaji waliambulia upepo. Miaka ikapita, migomba ikashika, watoto wakazaliwa na kukua, na kundi la wakimbizi likawa ukoo wa Kirindi.

Lakini wazee, kwa kuupenda mkono ule kuliko mwenyewe, waliuwekea mwiko: mkono wa ukoo haushiki jembe, haubebi mtoto, wala hausemwi kuwa unauma, kwa maana kuyataja maumivu ni kuyaita. Aliyejua ni Nanzia peke yake, mkewe, aliyeukanda kwa mafuta ya mbarika mlango ukiwa umefungwa. Alijua bega lilivyovimba. Alijua pia uchungu wa kumwona binti yao Nambua, aliyeanza tu kutembea, akimnyooshea baba mikono na baba akigeuka kando kama asiyemwona.

Siku moja Nanzia alishindwa kuvumilia, akaenda barazani, akapiga magoti.

"Baba zangu, mume wangu amechoka. Wafundisheni na vijana wengine kurusha."

Mzee Shekibua, mkuu wa baraza, akamjibu, "Mwanamke, tangu lini ngurumo ikachoka? Nenda kapike."

Wakacheka wote. Kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hakuna kijana aliyefundishwa.

Ukaja mwaka wa ukame, mto ukabaki kijito. Asubuhi ya shindano Mkindi alimwambia mkewe, "Mama Nambua, nikiwapa wazee maji haya nitawaomba wanirudishie mkono wangu. Nataka kumbeba mwanangu."

Akarusha, mpigaji akakosa. Akarusha tena, akakosa. Mara ya tatu Nanzia alisikia bega likilia kama tawi linalokwanyuka, lakini tufe lilikwenda, na gongo likapita patupu. Watu wakapiga vigelegele, wakalibeba tufe juu juu hadi barazani. Mkindi alirudi nyumbani kwa miguu yake, na mkewe nyuma.

Akaketi kizingitini, akasema, "Mlete."

Nanzia akamweka mtoto juu ya mkono wa kulia. Mkono haukujikunja, wala vidole havikushika. Nambua akateleza, mama yake akamdaka kabla hajagusa chini. Hapo Mkindi, Fahali wa Kirindi, akalia mbele ya mkewe.

"Kumbe wamenirudishia mzoga," alisema.

Kulipokucha hakuwapo. Nyayo zake zilifuata mfereji hadi kwenye chemchemi, zikaishia hapo. Nanzia alimwita mpaka sauti ikamkauka, na hakumpata. Mwaka uliofuata hatukuwa na mrushaji, maji yakaelekezwa ng'ambo, na huko ndiko yanakokwenda hata leo.

Kwa hiyo kwetu mtoto akizaliwa, baba yake humpokea kwa mkono wa kulia kabla ya mtu mwingine, na mkewe humwuliza mbele ya wazee, "Unauma?" Naye ni lazima aseme kweli. Swali hilo ndilo tulilobaki nalo, nasi tulichelewa kuliuliza.