Ngoma ya Ndani Iliyotoka Nje

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana simu zilikuwa zimeshaingia mpaka jikoni, palikuwa na kungwi aitwaye Bi Zamda. Alifunda mabinti wa mji mzima. Na mnajua wenyewe: ngoma ya kungwi huchezwa ndani, wanawake watupu, na ya ndani hubaki ndani.

Siku ya kumfunda bibi harusi mmoja, mama mmoja aitwaye Mwajabu aliwekwa mlangoni na kapu, kila mwanamke atie simu yake humo. Akawapekua wote, mashangazi kwa mabibi. Binti yake Nasra, wa miaka kumi na mitatu, akapita na sinia la vikombe bila kupekuliwa, maana mtoto, walisema, hana neno. Kumbe mtoto ana simu. Baba yake Shekuwe, dereva wa malori, ndiye aliyemnunulia, na laini ikasajiliwa kwa jina la mama.

Bi Zamda akacheza kama kungwi anavyocheza. Nasra akarekodi, akamtumia shoga yake. Kulipokucha, mji mzima umeona. Mume akampa Bi Zamda talaka. Wanawe wa kiume wakawa hawamtazami usoni. Hilo linaniuma mpaka leo.

Bi Zamda akashtaki. Hakimu akasema sheria ya mji ule haimfungi mtoto, humfunga mzazi aliyezembea, na atafungwa mmoja. Nasra alilia, akasema alidhani ni mchezo.

Shekuwe akasema, "Mimi ni mtu wa safari. Simu nilinunua nipate kumsikia mwanangu. Na huko ukumbini wanaume hatuingii. Mlangoni alikuwa nani?"

Mwajabu akasema, "Simu niliikataa, ukaniita mshamba. Nikamnyang'anya, akakulilia, ukaniamuru nimrudishie. Leo kosa ni langu peke yangu?"

Bi Zamda akaulizwa yeye anamtaka nani. Akasema, "Mfungeni mumtakaye. Wanangu wameshaniona."

Mahakama ilijaa siku hiyo. Watu walinyoosha shingo wamwone vizuri yule wa kwenye video.

Hakimu akainamisha kichwa, na mimi hapo ndipo ninapowaachia. Je, kifungo alistahili nani: baba aliyenunua, au mama aliyelinda mlango? Jibuni. Ila kila anayejibu aanze kwa kutuambia: yeye ile video aliionea wapi, na alimtumia nani?