Kikohozi Nyuma ya Pazia

Wahenga walipotuonya juu ya ufa, hawakuwa wakiwaza nyumba peke yake. Mwili wa binadamu nao una kuta zake. Hupata nyufa nyembamba kama unywele, na mwenye mwili akiziona hujiambia, "Hizi si kitu." Ndivyo alivyojiambia Fundi, mshona mawigi, mpaka maji yalipomfika shingoni.

Duka lake lilikuwa chumba kirefu kilichotazama barabara. Rafu za pande zote mbili zilijaa vichwa vya plastiki, vyeupe, visivyo na macho, kila kimoja kimevishwa wigi lake. Wageni walioingia mara ya kwanza walijikuta wakivipigia hodi vile vichwa badala ya mwenye duka. Mwisho wa chumba palining'inia pazia zito la kahawia, na nyuma yake palikuwa na kijichumba ambamo mumewe alizoea kumsubiri ili warudi nyumbani pamoja.

Mume huyo alifariki usingizini. Waliagana usiku wakicheka, na kulipopambazuka Fundi akamgusa bega akalikuta baridi kama sakafu. Tangu asubuhi ile alikiona kitanda kama mtego. Watu husema usingizi ni ndugu wa mauti. Yeye aliuamini udugu huo kama alivyoamini jua, akaukimbia. Alishona hadi alfajiri, akajiegemeza kidogo kitini, kisha akafungua duka kama kawaida.

Alikuwa akiishi na wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke wa maneno makali na moyo wa pamba.

"Wifi, umelala leo?" aliuliza asubuhi moja akimkabidhi chai.

"Nimelala."

"Wapi? Kitanda chako hakina hata mkunjo."

"Nimelala kitini."

"Hata popo hulala, wifi yangu, ijapokuwa kichwa chini miguu juu! Wewe ni mdudu gani?"

"Nitalala nikifa."

"Hilo ndilo ninaloliogopa," alijibu wifi, na safari hii hakuwa akitania.

Dalili hazikukosekana. Macho ya Fundi yaliiva kama pilipili. Sindano iliyokuwa ikimtii kama mtoto mwema ikaanza kumchoma vidole. Siku moja alishona wigi zima kinyumenyume, nywele za usoni zikaangukia kisogoni. Mwanagenzi wake, msichana waliyemwita Chiriku kwa wingi wa maneno, alicheka mpaka akashika mbavu. Fundi naye akacheka, akalifumua, akaanza upya. Ufa ule akaupita.

Majira ya baridi yakaingia, na mafua yakaanza kutembea mtaani nyumba kwa nyumba. Akaja bibi harusi mtarajiwa kupimwa kichwa. Fundi alikuwa amemwinamia, Chiriku ameshika kioo, wifi amekaa pembeni akitoa ushauri ambao hakuombwa. Ghafla msichana yule akapiga chafya, tena chafya za kufuatana.

"Jamani, nisameheni! Tangu jana pua haina breki."

"Usijali, mwanangu," alisema wifi akijifuta shavu. "Ndiyo mahari yetu hiyo."

Wote watatu waliambukizwa. Wifi alijifunika blanketi, akalala kama gogo, akaamka akidai chakula. Chiriku alilala siku mbili kwao, akarudi na maneno yake yote. Fundi peke yake ndiye aliyebaki na homa iliyokuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Hakulala. Alimeza vidonge vya maumivu, akaendelea kushona.

Ndipo alasiri moja, mawingu yametanda na Chiriku ametoka kununua uzi, Fundi akiwa ameinamia kazi yake, mtu akakohoa.

Vilikuwa vikohozi viwili vifupi, kisha kimoja cha chini, kama cha mtu anayesafisha koo kabla ya kusema neno.

Sindano ikamponyoka. Marehemu hakuwahi kuingia dukani bila kukohoa hivyo, ili asimshtue mkewe mwenye sindano mkononi. Fundi aligeuka polepole. Vichwa vilimtazama bila macho. Akaenda hadi kwenye pazia, akalivuta. Palikuwa na kiti kitupu, na juu ya msumari koti la marehemu. Koti lilikuwa likiyumba, kidogo sana, kama lililotundikwa sasa hivi. Huenda ni upepo wa pazia. Fundi hakutaka kujua.

"Ni wewe?" alinong'ona. "Nijibu basi."

"Fundi, unaongea na nani?" Chiriku alikuwa amesimama mlangoni, uzi mkononi.

"Na nani tena? Na wewe."

"Mimi? Mimi ndiyo kwanza naingia!"

Tangu siku hiyo hofu ya Fundi iligeuka hamu. Aligundua kwamba kikohozi kilimjia pale tu alipochoka kupita kiasi, wakati chumba kilipoanza kuelea na vichwa kuonekana kama vinapumua. Basi akazidi kujinyima usingizi ili azidi kumsikia mwenzake. Usiku hakurudi tena nyumbani, akimdanganya wifi kwamba kazi za harusi zimemzidi. Ubavu wa kulia ulimchoma kama umechomekwa kijiti. Kupanda ngazi tatu za mlangoni kukawa kama kupanda mlima. Yote hayo aliyaficha, maana mtu haendi kutibiwa furaha yake.

Lakini Chiriku hakuumbiwa kunyamaza. Alikwenda kwa wifi mbio.

"Shangazi, njoo umwone. Anazungumza na pazia, tena anacheka. Mimi naogopa kubaki naye."

Wifi alifika mchana huo huo. Hakugomba. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani, akatazama. Fundi alikuwa amekonda hata pete ya ndoa ilikuwa ikimcheza kidoleni. Sindano ilipanda, ikashuka, ikapanda, kisha ikasimama hewani.  Ndipo kikohozi kikasikika, viwili vifupi na kimoja cha chini.

Fundi akashtuka, uso umemng'aa.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia nani?"

"Kaka yako. Amekuja. Yuko nyuma ya pazia."

Mwili ulimsisimka wifi. Yeye naye alikuwa amekua akikisikia kikohozi kile, na kwa kitambo kifupi macho yake yalikimbilia pazia, moyo ukitamani uongo uwe kweli. Kisha akainuka, akapiga magoti mbele ya kiti cha Fundi.

"Wifi yangu, humu hakuna aliyekohoa ila wewe. Nimekuona. Umesinzia macho wazi, kichwa kikadondoka, ukakohoa, ukazinduka."

"Mwongo! Unanionea wivu hata kwa maiti?"

"Basi weka kiganja mdomoni, tumsubiri pamoja."

Walisubiri. Chiriku aliziba masikio. Kope za Fundi zikalegea, na kikohozi kikaja, kilekile. Safari hii aliuhisi moto wa pumzi yake mwenyewe kiganjani. Alipofungua mkono, aliona makohozi mazito, yenye rangi ya kutu.

Hakulia. Alitaka kusimama, akapepesuka, akashika rafu, na vichwa vikamporomokea, vikabiringika sakafuni hadi mlangoni.

Hospitalini walimwekea mashine ya hewa na dripu. Daktari alisema ni nimonia, na kwamba pafu moja limezingirwa na usaha.

"Lakini sote tulipata mafua yaleyale," alisema Chiriku. "Mbona yeye tu?"

"Siwezi kuapa kwamba angelala asingeugua," daktari alijibu. "Ila mtu anayelala kidogo hunaswa na magonjwa ya kifua kwa urahisi zaidi, na yakimnasa hukawia kumwachia. Kinga ya mwili hujipanga tunapolala. Huyu amepeleka vitani askari waliochoka."

Walipobaki wawili, Fundi alimshika wifi mkono.

"Naogopa, wifi. Kaka yako alifumba macho hivihivi."

"Kaka yangu alikuwa na moyo mbovu, wala hakuuawa na kitanda. Lala. Mimi nipo macho kwa ajili yako."

"Na ukiona sipumui?"

"Nitakuzaba kibao mpaka upumue. Nimekitamani kwa miaka."

Fundi alicheka, cheko likageuka machozi, na katikati ya machozi usingizi ukamchukua. Alilala usiku ule na mchana uliofuata. Wifi hakuondoka.

Alipona, lakini si kwa wepesi. Alitobolewa ubavu usaha utolewe. Miezi ilipita akijifunza kuvuta pumzi na kutembea hadi dirishani kama mtoto. Wateja walitawanyika, duka likafungwa, na alipolifungua tena mikono yake ilitetemeka, ikabidi Chiriku ashone naye amwelekeze. Na kikohozi nacho kilimwondokea, kikaacha kimya kizito nyuma ya lile pazia, hata ikawa ni kama amemzika mumewe mara ya pili. Haya yote yalimpata kwa kukimbia kile kitu ambacho kila usiku humjia mwanadamu bure, mpaka mlangoni.

Ama kweli, usipoziba ufa utajenga ukuta.