Kiboko Alivyoshinda Voliboli

"Mama, mchezo haujampa mtu hata kikombe cha maji." Ndivyo alivyonijibu mkamwana wangu Mwanakombo, nilipomwomba amwache bintiye Saumu akacheze voliboli. Mwanakombo huyo huyo aliyemnunia wifi yake tangu kupanda hadi kuvuna, kisa mwiko wa kusongea ugali! Sikubishana naye. Sogeeni nyinyi.

Hadithi inabisha hodi!
— Na ipite, mlango wazi!
Ina vumbi miguuni!
— Tutaipangusa!

Basi palikuwa na ukame. Likabaki bwawa moja tu, na bwawani kaketi Kiboko. Akija mnyama, Kiboko huzama, chubwi! huibuka, fyuuu! humfukuza. Akaja Twiga, akafukuzwa. Akaja Pundamilia, akafukuzwa. Akaja Kindi na wanawe, ndimi zimewakauka kama maganda ya karanga, wakafukuzwa.

Kindi hakulia. Akasuka wavu wa ukindu, akaufunga kwenye miti miwili, nchi kavu, mbele ya bwawa. Akachukua buyu kavu, akalirusha. Ta! Likashuka. Ta! Likapanda.

Kiboko roho ikamcheza. Akauliza kitu gani hicho.

"Mchezo, Mzee," akasema Kindi. "Ila ni wa wenye nguvu. Sisi tunajikokota tu."

Kiboko akataka kucheza papo hapo, tena peke yake, dhidi ya wote. Kindi akampa sheria. Buyu halishikwi, hupigwa. Wavu hauvukwi, maana ukigongana na Kiboko hata mkia hauokotwi. Na anayeshinda husogea, auzunguke uwanja.

"Nisogee kwa nini?"

"Mshindi akikaa pale pale, Mzee, watu watamjuaje?"

Kiboko akaona kweli. Akasimama majini, uso kwenye wavu. Ta! Twiga akajirusha, akakosa. Kiboko kashinda, akasogea, yuko kwenye tope. Ta! Pundamilia akajikwaa makusudi. Kiboko kashinda, akasogea, yuko kwenye nyasi. Ta! Kashinda, akasogea, yuko chini ya wavu, jua la utosi, na bwawa liko kule, nyuma ya matako yake.

Nyuma huko, glu, glu, glu. Wana wa Kindi wanakunywa. Swala wanakunywa. Kiboko akatega sikio, akauliza sauti gani hiyo.

"Mashabiki wako," akasema Kindi. "Wamekaukiwa makoo kwa kukusifu, sasa wanameza mate."

Kiboko akacheka hadi tumbo likatetema, akaendelea kushinda. Mzunguko ulipomrudisha majini, kila mnyama kashiba, tumbo ndi! Na kulipokucha akawaita mwenyewe, waje awafunge tena.

Binadamu walipopita wakauona mchezo, wakauiga. Buyu wakalitupa, wakashona mpira wa ngozi, wakaongeza filimbi na kelele. Kuzunguka wakakuacha vile vile. Mtamwona Saumu akiruhusiwa uwanjani: wakiipata zamu ya kuanzisha mpira, wanasogea.

Hadithi imevaa ndala, inaondoka!
— Na iende, tumeshiba!

Funzo lake, wanangu: mchezo haumpi mtu maji. Mkipita kwa Mwanakombo mwambieni mama mkwe kakubali, hana neno. Halafu msimulieni na hiyo ya Kiboko, yote, msiruke kitu.