Mfereji Mmoja, Nyumba Tatu

Ketini vizuri, maana nikimaliza nitawauliza swali.

Katika kijiji kimoja cha Turkana maji ya kisima yalikuwa ya chumvi, na watoto waliugua matumbo kila mara. Basi ukajengwa mnara wenye pipa la chuma juu, ukazungukwa na vioo mia mbili. Kila kioo kilipaswa kurusha mwanga wa jua kwenye pipa hadi maji yachemke, na mvuke ukipoa uwe maji matamu. Lakini hayakuchemka.

"Yasipochemka kabla ya mwezi kuisha," akasema Injinia Mutunga, msimamizi wa mitambo hiyo, "mitambo itang'olewa ipelekwe kwingine."

Wakajitokeza watatu: Akiru, mwalimu mwenye kichwa cha hesabu, Mzee Ekidor, mchunga mifugo mwenye macho makali, na Nasike, mama wa watoto watano, mwenye mikono isiyochoka.

Akiru alikuwa amepanga kusafiri likizoni kwenda kumwona mamake mgonjwa. Hakwenda. Alipima kivuli cha kila kioo asubuhi, adhuhuri na jioni, akachora uwanja mzima daftarini. "Vimebanana," akasema. "Vya mbele vinavizibia jua vya nyuma." Vikapangwa upya, kila kimoja kikichungulia katikati ya viwili vilivyo mbele yake. Maji yakapata moto, lakini hayakuchemka.

Mzee Ekidor akaomba vioo vyote vifunikwe magunia. Kisha akafunua kimoja kimoja, akitazama mwanga unapotua. Vioo arobaini vilikuwa vinalikosa pipa! Akaelekeza vijana wavigeuze hadi kila kimoja kikalenga sawasawa. Kazi ilichukua siku sita, na siku ya saba, kwa kuukodolea mwanga ule, jicho lake la kulia halikuona tena. Mvuke ukaanza kutoka, mwembamba sana.

Nasike akapitisha kidole juu ya kioo, kikatoka na vumbi. Kuosha kwa maji ya chumvi kungeacha madoa, na maji matamu pekee kijijini yalikuwa mgao mdogo wa kila nyumba, ulioletwa kwa lori mara moja kwa wiki. Akachukua mgao wake wote, akalowesha kitambaa, akafuta vioo vyote mia mbili. Wiki hiyo wanawe walikunywa maji ya kisima, na mdogo wao akaharisha siku tatu kabla ya kupona.

Siku ya mwisho ya mwezi, mvuke ulitoka kwa kishindo. Maji matamu yakaanza kutiririka, watu wakalia kwa furaha.

Injinia akawaita wale watatu. "Bomba lililobaki linafika nyumba moja tu. Wengine watachota hapa mnarani. Mfereji niupeleke kwa nani?"

"Mpelekee mzee," akasema Nasike. "Njia haioni vizuri."

"Mimi nitazoea," akajibu Ekidor. "Nasike ana watoto. Na mwalimu je? Bila daftari lake tungeanzia wapi?"

Akiru akageuka kutazama nyumbani kwake. Mamake alikuwa ameletwa kuishi naye, hawezi kunyanyuka kitandani, na anahitaji kuoshwa kila siku.

Injinia bado ameshika bomba, anasubiri. Wewe uliyenisikiliza, na wewe uliyekaa kando yake: mfereji ungeupeleka kwa nani, na wale wawili ungewaambia nini?